Sura Iko kwa Msimamizi, Mchicha Unaota

Watu wakisikia nimemaliza uzamili huku nikifundisha, huuliza mambo mawili: ada niliitoa wapi na muda niliupata wapi. Ada ilitoka kwenye mshahara, kikoba, na mkopo wa SACCOS ambao mpaka leo unanikata. Muda niliuiba kwenye usingizi. Hayo yana majibu. Lisiloulizwa ni kusubiri, na kwangu mimi kusubiri ndiko kulikokaribia kunitoa chuoni.

Nafundisha sekondari hapa Morogoro. Utafiti wangu ulihusu wanafunzi wa kidato cha kwanza: mtoto amesoma sayansi kwa Kiswahili miaka saba ya msingi, kisha anaingia sekondari anakuta somo lilelile limegeuka Kiingereza. Nilitaka kujua wanavukaje pale, na walimu wao wanawavushaje. Mada niliipenda na bado naipenda. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hudhani ukiipenda mada yako hutachoka. Utachoka.

Mwaka wa masomo ya darasani ulipita vizuri. Kuna ratiba, kuna mitihani, kuna wenzako mnaopiga msuli pamoja kwenye vimbweta, zile meza za zege za nje, mpaka mbu wawafukuze. Shida huanza darasa likiisha. Ukishaambiwa "sasa nenda kaandike", unabaki wewe, kompyuta na mtu mmoja anayeitwa msimamizi, ambaye naye ana wanafunzi wengine, ana vikao, ana safari, ana watoto wake nyumbani.

Kabla hujamuuliza mwanafunzi hata swali moja, unatafuta kibali. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hapo unapewa barua ya kwenda wilayani au halmashauri, na huko unapata nyingine ya kwenda kwa wakuu wa shule. Hakuna aliyenizungusha kwa ubaya, ndivyo karatasi zinavyotembea. Toa nakala za kila barua, maana kila meza itataka kubaki na yake, na usipange mahojiano wiki ileile unayopeleka maombi. Chagua pia mahali pa kusubiria. Majengo mengi ya serikali yana mwembe au mkungu uani, na chini yake kuna benchi ambalo watu hulikimbia wakidhani wakibanana kwenye korido ndiyo watakumbukwa upesi. Hawakumbukwi upesi. Mimi nilikaa nje, na pale ndipo nilipomtazama chozi kwa makini kwa mara ya kwanza tangu utotoni: kidege kidogo chenye mdomo mwembamba uliopinda, kinafyonza utamu kwenye maua mekundu ya mkrismasi, huku wenye majalada wakipita chini bila kuinua macho. Sikuwa nimekwenda pale kutafuta ndege. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mhuri, na mhuri ulitoka saa tisa alasiri.

Halafu ikaja kazi ya kunukuu sauti, yaani kuandika neno kwa neno mahojiano uliyorekodi. Kama hujawahi kuifanya, jua kwamba saa moja ya mazungumzo inaweza kula siku nzima ya kuandika, hasa wanafunzi wanapojibu wote kwa pamoja na nje ya darasa kuna anayefagia. Mahojiano yalikuwa ya Kiswahili, tasnifu ni ya Kiingereza, hivyo ukimaliza kunukuu unaanza kutafsiri. Nilijifungia ndani. Chumba changu kina bati bila dari, na Morogoro mjini mwezi wa Desemba, mchana, bati linakuwa kaango. Kichwa kiliuma, macho yaliuma, na mwanangu akazoea kuongea na mimi kupitia dirishani. Mama mwenye nyumba, mtu asiye na maneno mengi, alisimama mlangoni Jumamosi moja akaniuliza, "Mwalimu, unasoma au umefungwa?"

Ushauri niliokuwa nikipewa na kila mtu ulikuwa mmoja: jikaze, maliza kwanza, utapumzika baadaye. Nimekuja kuuona ni ushauri mbaya kwa anayeandika tasnifu, ingawa unamfaa anayejiandaa na mtihani. Mtihani una tarehe. Unajinyima wiki mbili, unaufanya, unalala. Tasnifu haina tarehe iliyo mikononi mwako. Unaweza kukamilisha sura leo, ikakaa mezani kwa mtu mwezi na zaidi, ikarudi ina wino mwekundu kwenye aya uliyoipenda kuliko zote, ukaanza upya. Ukisema raha itakuja baada ya kumaliza, basi umeikabidhi raha yako kwa yeyote anayechelewesha kumaliza kwako.

Nilianza na kutembea kwa sababu ni bure. Nakaa upande wa Bigwa, na milima ya Uluguru iko palepale nyuma ya mabati. Mji uko mita kama 500 juu ya usawa wa bahari na kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100, kwa hiyo ukiinua macho kutoka sokoni unauona mlima mzima kwa mkupuo mmoja: chini mashamba na migomba, juu msitu mweusi, na siku nyingi wingu limekalia kilele halitaki kushuka. Nilikuwa nimeishi chini yake miaka, na kazi pekee niliyoupa mlima ule ilikuwa kunijulisha kama nianue nguo.

Nilikuwa natoka kabla jua halijapanda, narudi kumwandaa mwanangu kwenda shule. Saa kumi na mbili unakutana na kina mama wa Kiluguru wanashuka na ndizi, magimbi na mastafeli kichwani. Wameondoka kwao giza bado. Bibi mmoja tulizoeana. Nikimwamkia "Shikamoo bibi", hujibu "Marahaba mjukuu wangu" bila kugeuza shingo, kwa sababu ya mzigo. Siku moja nilimweleza kwamba kazi yangu ya chuo imekwama kwa mwalimu wangu.

"Ameikataa?"

"Hapana bibi, hajaisoma."

"Basi haijakwama, iko njiani. Nipe mia tano yangu."

Kwenye vichaka vya njia ile ndiko nilikojifunza tena sauti ya dudumizi, ile nzito inayoshuka taratibu mpaka chini. Wazee husema akilia, mvua iko karibu. Nilimfuatilia vuli nzima. Husema kweli kiasi cha kumwamini na hukosea kiasi cha kukulowesha, na nikajikuta asubuhi nina shauku ya kujua leo atasema nini. Miezi kadhaa nyuma, kitu pekee nilichokuwa nakifungulia macho asubuhi kilikuwa barua pepe.

Mwisho wa wiki mwanangu alianza kunifuata, akataka jina la kila ndege. Tetere, kipanga, hondohondo, baada ya hapo tukawa tunabuni. Nilipomwambia kwamba baadhi ya mbayuwayu wanaojaa hapa kuanzia Oktoba wamesafiri kutoka Ulaya, aliniuliza kama nao walipeleka barua kwa Katibu Tawala.

Sasa nije kwenye ndoo.

Nilikuwa na ndoo mbili zilizopasuka na mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa jirani. Nikazitoboa chini maji yapate kutoka, nikajaza udongo na samadi ya kuku, nikasia mchicha. Siku hiyohiyo nilikuwa nimetuma sura ya nne, ile ya matokeo. Mchicha hauna makuu: ndani ya siku chache umechomoza, na ukiumwagilia jioni, wiki ya tatu au ya nne unakula. Nilipong'oa wa kwanza sura ilikuwa bado kwa msimamizi. Usiku ule tulikula ugali na mchicha wa nazi, na katikati ya kula nikagundua kwamba sina hasira naye. Nikasia tena.

Nimelifikiria jambo hili sana. Kilichokuwa kinaniumiza siku za kusubiri si uvivu wa mtu wala ugumu wa kazi. Ni kwamba nilikuwa nimeyaweka maisha yangu yote kwenye kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kimesimama. Kikisimama, nami nasimama. Ndoo zile zilinipa kitu kingine kinachosogea, tena kwa mikono yangu, bila kusubiri sahihi ya mtu. Kwa hiyo ukiniuliza ni starehe gani inamfaa mwanafunzi wa utafiti, nitakwambia achague walau moja inayokua au kubadilika kadiri siku zinavyokwenda: mboga, mti anaoupita kila siku, mto, mwezi. Filamu na chipsi mayai ni vitamu, sivikatai, lakini vikiisha vinakuacha palepale ulipokuwa.

Kama utapanda, anza na matembele. Unachukua vipande vya shina, unachomeka, yanashika hata kwa mtu aliyefeli kilimo. Samadi iwe imeoza vizuri, mbichi huunguza mizizi. Na uzungushie kitu, kwa sababu kuku wa jirani hawaheshimu utafiti wa mtu.

Mlimani kwenyewe nilikwenda mara chache, maana huko kuna gharama. Wengi huanzia Morningside, penye nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Bodaboda hupanda mpaka sehemu fulani, na bei mnapatana ya kwenda na kurudi kabla hujapakia, si mkishafika juu. Masika usijaribu, njia huwa utelezi mtupu. Ukipita mashamba ya juu, msitu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kuna kiingilio na unapewa mtu wa kukuongoza. Lipa. Na kwa kina dada, hata kwenye njia za chini usiende peke yako: mimi nilikwenda na walimu wenzangu wawili ambao hawakuwa wakisoma chochote, na hilo lilinisaidia zaidi ya nilivyotegemea, kwani hakuna aliyeuliza nimefika sura ya ngapi.

Huko juu kuna baridi ya kuvaa sweta. Mbega wanaruka juu ya vichwa vyenu na mikia yao yenye ncha nyeupe, na kiongozi wetu alituambia kwamba kuna ndege wanaoishi Uluguru tu, hawapatikani popote pengine duniani, mmojawapo akiwa ni jamaa wa yule chozi niliyemtazama nikisubiri mhuri. Vijito vinavyotoka mle hushuka mpaka Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Niliporudi chini nilimpigia mama yangu, anayekaa Tabata, Dar, nikamwambia leo nimenawa uso kwenye maji yake ya bombani. Akasema, "Sasa mbona hukuyasukuma?"

Mwenzetu mmoja wa chuo alipanda siku nyingine na kompyuta mgongoni akitarajia kuandikia kule juu. Aliandika aya moja na kuibeba kompyuta siku nzima. Ukienda kupumzika, pumzika kweli. Hata simu nilikuwa naiweka kwenye mkoba, kwa sababu ukianza kupiga picha unaanza kufikiria maneno ya kuweka chini ya picha, na hiyo nayo ni kazi ya kuandika.

Ndani ya nyumba starehe zangu zilikuwa ndogo na zina bei ninayoikumbuka vizuri. Nilinunua chupa nzuri ya chai, inayoshika moto mpaka usiku wa manane, na katika fedha zote nilizotumia kwenye shahada ile, hiyo siijutii hata senti. Mdalasini na hiliki vinatoka hapahapa, Kinole na Matombo, unavipata sokoni vikiwa vibichi na kwa fedha kidogo. Nilikuwa nachemsha chai jioni, nasikiliza taarifa ya habari redioni, ndipo nakaa kuandika. Na lile bati lililonitesa Desemba, Aprili lilinilipa: mvua ya masika ikianza kupiga juu yake usiku, hata umeme ukikatika na kompyuta ikazimika, nilikuwa nalala usingizi ambao sijaupata hotelini.

Kuna niliyoacha pia. Kundi la darasa letu la WhatsApp lilianza kwa kusaidiana, likaishia kuwa mahali pa kutangaziana nani amepitishwa. Nililizima sauti, nikawa nachungulia Jumapili tu. Nikaacha kusomea kitandani. Nikaacha kujibu swali la "unamaliza lini?" kwa kutaja mwezi. Nilianza kujibu, "Nikimaliza nitakuita kwenye pilau," na watu wakaridhika.

Lakini nisije nikamdanganya mtu. Kuna kipindi, sura ya nne iliporudi na maagizo ya kuchambua upya sehemu kubwa ya data, nilikosa usingizi wiki kwa wiki. Nilitembea, nikamwagilia, nikanywa chai yangu, na bado nilikuwa nalia jikoni nikikatakata vitunguu ambavyo havikuwa na kosa. Mlima hautibu kila kitu. Vyuo vingi vina mshauri nasaha, na hospitali za mkoa zina watu wa afya ya akili. Nilikwenda. Nilisita kwa sababu mimi ni mwalimu na mji huu ni mdogo, nikawaza nitakutana na mzazi kwenye foleni. Nilikutana na mzazi kwenye foleni. Tulisalimiana, kila mmoja akaingia kwa zamu yake. Kama hamu ya kula imekwisha, usingizi umekwisha, na hata vile vidogo ulivyovipenda havikugusi tena, usivisubiri vikuokoe. Tafuta mtu aliyesomea kazi hiyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, na sitayarefusha. Yale ya kiutendaji niyataje haraka. Orodha ya marejeo itengenezee kwenye programu tangu siku ya kwanza, zipo za bure, usije ukahangaika na nukta na mabano wiki ya mwisho. Kazi yako iwe zaidi ya mahali pamoja, kwenye barua pepe na kwenye flashi, kwa sababu flashi za steshenari zinabeba virusi kuliko daladala. Kuprinti huku kwetu ni shilingi 100 hadi 200 kwa ukurasa, ukurasa wa rangi unazidi, na utaprinti zaidi ya unavyofikiri: nakala za wasomaji, nakala za masahihisho, nakala za mwisho. Jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu lilinigharimu 20,000 kwa kila nakala. Weka fedha hiyo kando mapema, maana inakuja wakati umekaushwa. Na muulize msimamizi mwanzoni kabisa, kwa adabu, kwa kawaida hukaa na sura muda gani. Swali hilo halina utovu wa heshima. Ukijua ni mwezi, unapanga mwezi. Usipojua, kila siku unaamka ukidhani ni leo.

Utetezi wa tasnifu mbele ya wakaguzi ulikuwa asubuhi. Niliulizwa maswali niliyoyategemea na moja ambalo sikulitegemea, nikalijibu kwa kusema wanafunzi waliniambia nini hasa, na hapo mada niliyoipenda ikanilipa. Nikapewa masahihisho madogo.

Nilipokabidhi nakala za mwisho sikufanya sherehe. Nilichukua treni ya umeme kwenda kwa mama na nakala yake kwenye mfuko. Tangu treni hiyo ianze kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, safari haifiki saa mbili, kwa hiyo omba kiti cha dirishani, maana mashamba na vilima vinapita upesi. Mama aliifungua tasnifu, akatafuta ukurasa wa shukrani, akaliona jina lake, akaifunga. Mpaka leo hajauliza ndani kuna nini.

Bado natembea asubuhi, siku nyingine kwa uvivu. Mwalimu mwenzangu anayeanza uzamili mwaka huu alikuja kuniazima tasnifu aone mpangilio. Nikampa, pamoja na vipande vya matembele nilivyovifunga kwenye gazeti lililoloweshwa maji. Tasnifu ameirudisha baada ya wiki, hakusema neno. Matembele anasema yameshika, ila kuna kuku.